Jua Ni Bure, Mtaji Si Bure: Somo Kuhusu Kugharimia Umeme wa Jua Vijijini



Ndugu msomaji, likizo iliyopita baadhi yetu tulizuru msikiti mdogo uliojengwa juu ya kilima huko Muyinga. Miaka mitatu kabla ya hapo, wafadhili waliuwekea umeme wa jua: paneli mbili juu ya bati, betri moja, taa sita na kipaza sauti. Tulipofika, paneli zilikuwa bado ziko juu ya paa, zimejaa vumbi. Ndani, watoto wa madrasa walikuwa wakisoma kwa tochi ya simu ya mwalimu wao. Betri ilikufa katika mwaka wa pili. Hakuna aliyeiba wala aliyeharibu. Ilichoka tu, kama betri zote zinavyochoka. Imamu akatuambia kwa upole: "Vijana wangu, taa mlituletea. Betri nani ataileta?"

Hatukuwa na jibu. Swali la mzee yule ndilo lililozaa somo hili.

Lengo la somo

Wengi wetu tunasoma uchumi, uhandisi, ualimu au afya. Tukimaliza, tutarudi Gishubi, Muyinga, Karuzi au Buyenzi, na watu watatuomba tuwaandikie mradi. Fundi atataka kufungua duka la sola, mama mwenye mashine ya kusaga atataka kuachana na mafuta ya dizeli, kituo cha afya kitahitaji friji ya chanjo. Ukimaliza kusoma somo hili, in shaa Allah, uweze kufanya mambo matatu: kumweleza mfanyabiashara fedha za umeme wa jua hutoka wapi, kumpigia hesabu ya kweli, na kumsaidia achague mkataba usiomkandamiza yeye wala mteja wake.

Kanuni tutakayoishika toka mwanzo hadi mwisho ni hii: *kila hatari ya mradi iwe na mwenyewe, na mwenyewe ajulikane kwa maandishi kabla ya fedha kutoka.* Katika msikiti ule, kuchoka kwa betri ilikuwa hatari inayojulikana na kila fundi. Haikuwa na mwenyewe.

1. Hali ilivyo

Katika Burundi, kati ya watu kumi ni kama mmoja tu aliye na umeme nyumbani, na vijijini ni wachache zaidi. Nguzo za Regideso, shirika la serikali la maji na umeme, hufuata miji na barabara kuu. Nchi yetu nayo haina vijiji vilivyokusanyika. Nyumba zimetawanyika juu ya vilima, kila familia na shamba lake. Kuvuta waya hadi kila kilima cha Gishubi ni gharama kubwa kwa wateja wachache.

Jua, kwa upande wake, linafika kila kilima. Kwa makadirio ya mafundi, paneli ya wati 100 katika ukanda wetu hutoa kama wati-saa 400 kwa siku ya kawaida. Hiyo yatosha taa kadhaa, redio na simu nyingi. Kwa hiyo kikwazo cha kwanza ni fedha, kwa sababu umeme wa jua una tabia moja: gharama yake karibu yote hulipwa siku ya kwanza. Mwenye jenereta hununua mashine kwa bei nafuu, kisha hulipa mafuta kila wiki. Mwenye sola hulipa miaka mitano ya mwanga kwa mkupuo, kisha jua linafanya kazi bila kudai. Mtu wa kipato kidogo anaweza kumudu faranga mia chache kila siku, lakini hawezi kumudu laki mbili leo asubuhi. Kazi yote ya kugharimia sola ni kujenga daraja kati ya laki mbili za leo na mia chache za kila siku. Anayejenga daraja hilo huweka fedha zake rehani kwa muda mrefu, naye lazima ajue nini kinaweza kumpata.

2. Somo kutoka Mubuga

Tuanze na mradi mkubwa ulio mlangoni petu. Huko Mubuga, mkoani Gitega, kuna mtambo wa umeme wa jua wa megawati 7.5 uliojengwa na kampuni ya Gigawatt Global. Ujenzi ulianza mwaka 2020 na mtambo ukaanza kazi mwaka 2021. Uligharimu takriban dola milioni 14. Umeme wake unanunuliwa na Regideso kwa mkataba wa miaka 25.

Jiulize: nani atakubali kutoa mamilioni ya dola, halafu asubiri miaka 25 ili yarudi, katika nchi ambayo mwekezaji wa nje anaiogopa? Hapa ndipo penye somo. Fedha hazikutoka mfuko mmoja, na kila mfuko ulibeba mzigo wake.

Mtaji wenyewe, yaani fedha za mwenye mali anayekubali kupata au kukosa, ulitoka kwa Gigawatt Global na kwa mfuko wa uwekezaji uitwao Evolution II. Katika maandalizi, wakati bado hakuna paneli hata moja, palikuwa na msaada wa mipango kama REPP ya Uingereza na EEP. Hatari ya siasa ilichukuliwa na DFC, taasisi ya serikali ya Marekani inayotoa bima na fedha za maendeleo.

Ikabaki hatari moja iliyowatisha watu kuliko zote: mnunuzi akichelewa kulipa? Hapo likaja shirika la bima la Afrika lenye makao yake Nairobi, lililojulikana kama ATI na leo linaitwa ATIDI. Liliundwa mwaka 2001 na nchi saba za Afrika, Burundi ikiwa mojawapo. Kwa ushirikiano na KfW, benki ya maendeleo ya Ujerumani, lilianzisha utaratibu wa kukinga miradi ya nishati: mnunuzi wa umeme akichelewa, mradi unapata fedha za kuuvusha kwa miezi kama sita, huku deni likifuatiliwa. Mradi wa kwanza kabisa kukingwa na utaratibu huo ulikuwa huu wetu wa Burundi.

Tazama tena orodha hiyo. Hakuna aliyebeba kila kitu. Kila mmoja aliulizwa: wewe unaweza kubeba hatari ipi bila kuanguka? Ndiyo maana mtambo ukasimama.

Kampuni hiyo hiyo iliwahi kujenga mtambo wa megawati 8.5 huko Rwamagana, Rwanda, uliokamilika mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 23.7. Ardhi ilikodishwa kutoka kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, na kodi inasaidia kukiendesha. Ukigawanya, Rwanda ilikuwa karibu dola milioni 2.8 kwa megawati moja. Mubuga karibu milioni 1.9. Vifaa vimeshuka bei. Kilichobaki kuwa kigumu ni kuwapanga wenye fedha.

Lakini umeme wa Mubuga unaingia katika gridi. Asiye na waya hafikiwi nao, na mtu wa kilimani bado yuko gizani. Sasa tushuke hadi kwa mfanyabiashara mdogo, maana yeye ndiye atakayekufuata wewe.

3. Hesabu ya duka la Gishubi

Huu ni mfano wa darasani. Bei tumeziweka sisi ili hesabu iwe nyepesi. Mama mmoja mfanyabiashara wa Gishubi anataka kuuza seti 100 za sola za nyumbani: paneli ndogo, betri, taa tatu na mahali pa kuchajia simu.

- Seti moja imemfikia dukani kwa faranga 180,000. Seti 100 ni 18,000,000.
- Anaiuza kwa 240,000: mteja anatanguliza 30,000, kisha 700 kila siku kwa siku 300, kwa Lumicash au EcoCash.
- Gharama za kila siku (wakala anayezunguka vilimani, usafiri, simu) ni 15,000. Kwa siku 300 ni 4,500,000.

Wote wakilipa, mauzo ni 24,000,000. Toa 18,000,000 za bidhaa na 4,500,000 za uendeshaji: faida ni 1,500,000. Akitenga 5,000 kwa kila seti kwa ajili ya betri zitakazogoma, faida inabaki 1,000,000. Si nyingi, lakini ni biashara, na nyumba 100 zina mwanga.

Tuache akiba hiyo ya betri kando kwanza, tuijaribu biashara kwa hatari tatu.

*Hatari ya mteja.* Tuseme mavuno yamekuwa mabaya na ni asilimia 80 tu ya malipo ya kila siku yanayoingia. Anakusanya 3,000,000 za utangulizi na 16,800,000 za kila siku, jumla 19,800,000. Gharama ni 22,500,000. Hasara: 2,700,000. Ukitafuta mahali ambapo hapati wala hakosi, utaona ni lazima akusanye karibu asilimia 93 ya malipo ya kila siku. Wapeni wafanyabiashara namba hii kabla ya kitu kingine chochote. Wengi huamini kwamba wateja wanane kati ya kumi wakilipa, biashara ni nzima.

*Hatari ya muda.* Tuseme ana 3,000,000 zake mwenyewe, na 15,000,000 amekopa. Wateja wote wanalipa vizuri. Kila mwezi zinaingia 2,100,000, zinatoka 450,000 za uendeshaji, zinabaki 1,650,000. Mkopeshaji anataka fedha zirudi kwa miezi sita, yaani 2,500,000 kila mwezi. Zile 3,000,000 za utangulizi zitamsaidia kwa muda, lakini mwezi wa nne hesabu inakataa: hadi hapo amepata 9,600,000 na anadaiwa 10,000,000. Duka linafungwa, na hakuna mteja hata mmoja aliyekosea. Mkopo huohuo ukirudishwa kwa miezi kumi ni 1,500,000 kwa mwezi, na duka linaishi. Tofauti ni tarehe tu.

*Hatari ya sarafu.* Paneli na betri hununuliwa kwa dola. Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, kutoka takriban 2,100 hadi karibu 2,900 kwa dola moja. Tuseme mama yetu alipewa seti zote kwa mkopo wa dola 8,571, ambazo kwa bei ya zamani ni zile 18,000,000, na hajaanza kulipa. Kesho yake deni ni karibu 24,860,000. Mauzo yake yote, wateja wote wakilipa hadi faranga ya mwisho, ni 24,000,000. Deni limeyapita mauzo katika usiku mmoja, naye hawezi kuwaongezea wateja bei waliyokwisha kukubaliana.

Basi ushauri wa wazi: anayekusanya kwa faranga asidaiwe kwa dola, isipokuwa kama kuna mtu mwingine aliyekubali kwa maandishi kubeba mabadiliko ya sarafu.

4. Kila fedha na kazi yake

Kutokana na hesabu hiyo tunaweza kuzipanga aina za fedha, na kila moja tuipe kazi inayoiweza.

*Ruzuku* ni fedha isiyorudi. Kazi yake ni kulipia yale ambayo bado hayana uhakika wowote: uchunguzi, majaribio, mafunzo ya mafundi, na watu ambao hata 700 kwa siku hawaiwezi. Ruzuku ikitumika kugawa taa bure katika kilima ambacho duka linauza taa, inalivunja duka, na mwaka wa pili hakuna wa kutengeneza. Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2020 msaada wa dola milioni 100 kwa Burundi kwa mradi wa sola vijijini unaoitwa Soleil-Nyakiriga, unaolenga kaya, shule na vituo vya afya. Mfanyabiashara wa eneo lolote aulize mapema miradi kama hiyo inafika wapi na kwa masharti gani.

*Fedha ya matokeo* ni ruzuku inayotolewa baada ya kazi kuthibitishwa. Umeweka seti, mkaguzi ameziona zinawaka, unalipwa kiasi kwa kila seti. Ni nzuri, lakini haimsaidii asiye na mtaji wa kuanzia, kwa kuwa inakuja mwisho.

*Mkopo* unafaa mapato yakiwa yanajulikana. Kenya, kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza sola kwa malipo ya kila siku mwaka 2012, ikitegemea M-Pesa. Katika miaka ya mwanzo mteja alilipa shilingi 40 kwa siku. Mwaka huohuo ilianza SunFunder, ambayo haikuuza taa hata moja. Kazi yake ilikuwa kukusanya fedha za wawekezaji na kuzikopesha kampuni za sola, zikiwemo za Afrika Mashariki. Dhamana moja iliyokubalika ni madai yenyewe, yaani orodha ya wateja wanaodaiwa na jinsi wanavyolipa. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Mirova mwaka 2022. Funzo lake kwetu: daftari la wateja lililoandikwa vizuri ni mali, sawa na shamba au nyumba.

*Mtaji wa ushirika* ni fedha inayokubali faida na hasara. Unafaa mwanzo wa biashara, kabla daftari halijaanza kusema.

*Dhamana na bima* hubeba hatari moja iliyotajwa, kama tulivyoona Mubuga.

Ukichanganya kazi hizi, hata mkubwa huanguka. Mobisol ya Berlin, iliyouza sola Tanzania, Rwanda na Kenya, iliomba kinga ya ufilisi mwaka 2019, kisha ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Wateja walikuwepo na taa ziliwaka. Kuuza kwa mkopo hula fedha: kadiri unavyouza zaidi leo, ndivyo unavyohitaji fedha zaidi kusubiri malipo ya kesho.

5. Mizani ya mikataba

Wafanyabiashara wengi wa Muyinga na wa mitaa ya Waislamu ya Gitega hawaendi benki kwa sababu ya riba. Wengine huishia kwa mkopeshaji wa mtaani ambaye ni mbaya zaidi. Kwa hiyo hatuwezi kuliacha jambo hili.

Suratul Baqara inatofautisha biashara na riba katika aya ya 275, inaamuru mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda katika aya ya 280, na inafundisha kuandika madeni katika aya ya 282. Wanazuoni wakajenga juu ya msingi kwamba faida hufuatana na dhamana: asiyebeba hatari yoyote hana haki ya faida. Ukiitazama vizuri, iko karibu sana na kanuni yetu ya mwanzo. Tazama mikataba mitatu.

*Murabaha.* Muuzaji anainunua seti kwanza, iwe mali yake, kisha anamuuzia mteja kwa bei inayotaja gharama na faida: 180,000 na 60,000. Bei ikishakubaliwa haipandi hata mteja akichelewa. Viwango vya AAOIFI vinaruhusu kuweka sharti la adhabu kwa mwenye uwezo anayechelewesha kwa makusudi, lakini fedha hiyo iende katika sadaka, isiwe pato la muuzaji. Hatari ya mteja inabaki kwa muuzaji, ndiyo maana anaruhusiwa faida.

*Ijara.* Mwenye seti anaikodisha, na mwishoni anaweza kuihamisha kwa mteja. Madhali seti ni yake, betri ikifa bila kosa la mpangaji, ni juu yake. Kwa vifaa vinavyochoka haraka, mkataba huu unamlinda mnyonge zaidi.

*Musharaka.* Turudi kwa mama wa Gishubi. Ana 3,000,000, ndugu sokoni wanachanga 15,000,000. Wanakubaliana faida nusu kwa nusu, na hasara kwa kadiri ya mtaji. Mambo yakienda vizuri, faida ni 1,500,000: yeye 750,000, wao 750,000. Mavuno yakiharibika na hasara ikawa 2,700,000, yeye mwenye sehemu moja kati ya sita anapoteza 450,000, wao 2,250,000. Sasa linganisha na mkopo wa 15,000,000 wa miezi kumi, hata usiokuwa na riba ndani yake. Hasara ileile ingekuwa yake peke yake: mkopeshaji amerudishiwa zote 15,000,000, na yeye kati ya 3,000,000 zake amebaki na 300,000. Mwaka mmoja mbaya, na duka limekwisha. Katika ushirika, duka linafungua tena msimu ujao.

Tusisahau haki ya wale ndugu wa sokoni. Fedha zao ni za jasho. Anayewaomba waingie katika ushirika awaonyeshe hesabu ya asilimia 80 kabla hawajatoa hata faranga moja. Kuwaonyesha hesabu nzuri tu ni kuwadanganya.

Wala tusidhani mikataba hii ni ya darasani tu. Gulf African Bank ilifunguliwa Kenya mwaka 2008, na Amana Bank Tanzania mwaka 2011, zote zikifanya kazi bila riba. Mwaka 2017 kampuni ya Tadau Energy ya Malaysia ilitoa sukuk ya ringgit milioni 250 kugharimia mtambo wa jua wa megawati 50 huko Kudat, Sabah; ilikuwa sukuk ya kwanza ya kijani duniani.

Na wakfu? Tunakumbuka jinsi Sayyidna Uthman (r.a.) alivyokinunua kisima cha Ruma na kukifanya cha Waislamu wote. Wakfu ni mtaji ambao mali yenyewe inabaki na manufaa yake yanaendelea. Kwa msikiti wetu wa Muyinga, njia hii ingeweza kufaa: paneli ziwe wakfu, na sehemu ya umeme itumike kuchaji simu za majirani mchana kwa malipo madogo, yanayoingia katika sanduku la betri. Mwaka wa pili betri inapochoka, sanduku linafunguliwa.

6. Kazi yako wewe mwanafunzi

Mfanyabiashara akikujia, usianze kuandika barua kwa wafadhili. Fuata mpangilio huu.

1. Nenda vilimani ukaulize kaya thelathini zinatumia kiasi gani sasa kwa mafuta ya taa, mishumaa, betri za tochi na kuchaji simu. Kama ni chini ya 700 kwa siku, bei yako ni ndoto.
2. Chora kalenda ya mapato. Mkulima wa kahawa ana fedha wakati wa mavuno na ni mkavu miezi mingine. Mkataba unaweza kumruhusu alipe nyingi msimu wa kahawa na kidogo baadaye.
3. Fungua daftari la kila mteja: tarehe, kiasi, siku alizochelewa na sababu. Miezi sita ya daftari la kweli ina uzito kuliko kurasa hamsini za mradi.
4. Piga hesabu mara tatu: kwa malipo kamili, kwa asilimia 90 na kwa asilimia 80. Kisha uliza: hasara hii nani ataibeba?
5. Linganisha tarehe za kulipa deni na tarehe za kukusanya. Zikipishana, usitie saini.
6. Andika mkataba kwa Kirundi au Kiswahili ambacho mteja anakielewa, na usomwe mbele ya mashahidi.
7. Taja fundi, bei ya betri inayofuata na mahali fedha zake zinapokaa.

Hatua ya saba ndiyo iliyokosekana kule Muyinga. Ni sentensi moja tu, na kwa kukosekana kwake watoto wamerudi kwenye tochi ya mwalimu.

Sisi wanafunzi hatuna mamilioni ya kuwapa wafanyabiashara wetu. Tuna hesabu, tuna kalamu na tuna uaminifu wa watu waliotutuma shuleni. Tukivitumia vizuri, mwenye fedha wa Gitega mjini au wa Bujumbura ataweza kumwamini mwenye duka wa Gishubi, naye mwenye duka hataogopa kumwamini mteja wa kilimani. Na tutakaporudi kwa yule imamu, twende na jibu.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Katika mfano wa Gishubi, bei ikiwa 260,000 badala ya 240,000, kwa siku hizohizo 300, malipo ya kila siku yatakuwa kiasi gani, na ni asilimia ngapi ya malipo hayo lazima ikusanywe ili asipate hasara? Je, wateja wangapi wangekimbia?
2. Seti nyingi za siku hizi hujizima zenyewe mteja asipolipa. Ikiwa seti imeuzwa kwa murabaha na sasa ni mali ya mteja, muuzaji ana haki ya kuizima? Je, hukumu inabadilika ikiwa ni ijara, au ikiwa mteja ni mgonjwa? Mwulizeni sheikh wenu, mje na jibu lake.
3. Chagua kituo cha afya, shule au msikiti mmoja unaoujua wenye sola. Orodhesha hatari zake zote, na mbele ya kila moja andika jina la anayeibeba. Palipo wazi, anzia hapo.

Wabillahi tawfiq.